Mdomo wa Fundi Wembe

Zamani kiatu kilishonwa kuufuata mguu. Siku hizi mguu ndio unaokifuata kiatu, na ukichubuka unaambiwa uzoee.

Nayasema haya kwa uchungu na sioni sababu ya kuuficha. Nimeshona mabegi na mikoba maisha yangu yote, kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti tuliyofungia viatu, na kwa miaka mingi nilikaa benchi moja na mtu tuliyemwita Fundi Wembe. Hakupewa jina hilo kwa ukali. Mke wake alikuwa akisema hata paka wa jirani humfokea naye hunyamaza. Alipewa kwa ajili ya kazi moja aliyoijua kuliko sisi sote pale karakanani, nayo ni kunyoa ukingo wa ngozi.

Aliyezaliwa na viatu vya plastiki huenda hajui nasema nini. Kiatu cha ngozi ni vipande vilivyopandana. Kila kipande kinapokalia kingine, unene unakuwa mara mbili, na unene huo ni tuta. Tuta dogo, pengine nusu ya punje ya mchele, lakini mguu unalikanyaga kutwa. Kwa hiyo kabla ya gundi na uzi, fundi huilaza ngozi juu ya kitu kigumu, hukilaza kisu karibu kilingane nayo, halafu hunyoa upande wa ndani wa ukingo, kidogo kidogo, mpaka unene unakwisha bila kuaga.

Sasa, utajuaje kwamba umekwisha? Kidole cha fundi viatu ni mwongo. Kimeliwa na gundi na nta, kina sugu kama kisigino. Mkuu wetu wa karakana, Mungu amrehemu, alitufundisha kupima kwa mdomo. Unafumba macho, unaupitisha ukingo kwenye pembe ya mdomo wa chini, taratibu. Ukisikia pale ngozi inapoishia, rudi kwenye kisu. Usiposikia kitu, imeiva. "Mdomo ukinyamaza," alikuwa akisema, "gundi iseme." Na sote tulipimia pembe ya kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia una kisu na hakuna fundi anayependa kukiweka kisu chini.

Karakana ile haipo. Viatu vya plastiki vilianza kuja kwa magunia, vya rangi zote, vyepesi kama maneno ya mgombea, na watu wakavipenda. Mwenye karakana alipofariki, wanawe waliuza ile mashine kubwa ya karakana ya kunyolea ngozi kwa uzito wa chuma. Niliiona kwa macho yangu ikipakiwa juu ya mkokoteni pamoja na mabati yenye kutu, ule wembe wake wa mviringo bado unang'aa. Fundi Wembe alikuwa kasimama kando yangu. Alisema tu, "Wangeifuta mafuta kwanza." Kisha akatia kisu chake mfukoni akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo akafanyia kazi ndani ya vyumba vyake viwili, milango mitatu kutoka kwangu.

Mke wake nilimwita shemeji, maana yule bwana alikuwa ndugu yangu kwa kila kitu isipokuwa tumbo. Mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa. Kisukari kilimwingia taratibu, kikaiua miguu yake kabla hakijagusa kitu kingine. Siku moja alirudi kutoka sokoni, akapanga mboga mezani, akauliza ni nani kamwaga rangi sakafuni. Ilikuwa damu. Msumari ulikuwa umepenya ndala ukaingia mguuni, na alikuwa ametembea nao njia nzima akiongea na watu.

Kidole kimoja kilikwenda na msumari ule. Daktari alikuwa mtu mpole na alisema bila kuzunguka.

"Mama, mguu wako hauwezi kukuonya. Kidonda kingine kikiingia, hatutakata kidole, tutakata mguu. Unahitaji kiatu laini, kipana, ambacho ndani yake hakuna mshono wala tuta la aina yoyote."

"Kinauzwa wapi?" akauliza Fundi.

Daktari akakuna kichwa. "Hapa mjini sijakiona."

"Basi," Fundi akasema, akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. "Mke wangu hatakatwa mguu nami ni fundi viatu."

Nilikuwepo, nilisikia. Nilifurahi hata, kwa sababu nilijua hakuna mkono duniani ungeweza kazi ile kuliko mkono wake.

Alipima miguu ya mkewe juu ya karatasi, akachonga kalibu za mti, ile miguu ya mbao ya kushonea viatu juu yake, zilizofuata kila kifundo na pengo la kile kidole. Alitafuta ngozi laini ya bitana, ile inayolala ndani ya kiatu, akaikata. Akaanza kunyoa. Asubuhi hiyohiyo shemeji alisikia kishindo, akadhani benchi limeanguka. Alimkuta mumewe chini, uso umekwenda upande, na kisu chake, kile kilichonolewa miaka yote mpaka kikabaki chembamba kama jani, kimevunjika shingoni chini ya kifua chake.

Kiharusi kilimwacha hai. Tulishukuru, ndivyo watu wanavyofanya. Lakini upande wake wa kushoto ulilala. Mkono ulining'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Mdomo uliinama, na akinywa chai ilimtiririka kidevuni upande ule bila yeye kujua, shemeji akawa anaifuta kwa ncha ya kitambaa huku akiendelea na hadithi yake, kama mtu anayefuta meza.

Mkono wa kulia ulibaki mzima, na kitu cha kwanza ulichodai kilikuwa kisu.

Tukaenda naye duka la vifaa, mimi nikimshika kiunoni. Muuzaji alikuwa kijana mcheshi aliyekaa juu ya debe la rangi.

"Unataka kunyoa nini, mzee?"

"Ngozi."

"Ya mbuzi au yako?"

"Yangu ilishanyolewa na maisha," Fundi akamjibu kwa ule mdomo wake wa upande. "Nataka kisu cha kunyolea ukingo. Chembamba, makali upande mmoja."

"Visu hivyo vilikufa na wenyewe, mzee, usikasirike." Akapapasa rafuni, akatoa kidude chenye mpini wa plastiki, kichwa kimepinda kama kijiko na wembe mfupi umebanwa juu yake. "Chukua hiki. Wanaojishonea pochi nyumbani wanachukua hikihiki. Wembe ukiisha makali, unabadilisha. Rahisi, na hata mke wako anaweza."

"Mke wangu anaweza mengi," Fundi akasema. "Ndiyo maana nimezeeka."

Tulicheka wote watatu. Kidude chenyewe sikisemi vibaya. Ni kitu cha bei ya chini na kina kazi yake. Lakini kinavutwa kuelekea kwako, na ngozi lazima ishikwe ikazwe na mkono wa pili. Fundi aliibana ngozi kwa kiwiko kilicholala, akavuta. Wembe uliruka, ukauma, ukatoboa bitana katikati. Akajaribu kipande kingine. Ukatoboa tena. Alikitazama kile kidude kwa muda, akakirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni kwa heshima.

"Kizuri," akasema. "Kwa mtu mwenye mikono miwili."

Huku nyuma shemeji alikuwa akizunguka na ndala zilezile, miguu wazi, kwenye sakafu ya saruji iliyobanduka. Kila aliponyanyuka, Fundi aliacha alichokuwa akifanya akatazama miguu yake. Ilikuwa mbio, na sisi tulikuwa wazee.

Nilimpelekea vipande vya kioo cha dirisha. Hilo tulilijua tangu karakanani, kwamba kioo kikivunjika kinazaa makali ambayo hakuna jiwe linaloweza kuyanoa. Unakivunja upya, unaushika upande mmoja kwa kitambaa, unaulowesha ukingo wa ngozi kidogo, unakwangua. Hakikati, kinaparura, vumbi la ngozi linatoka kama unga. Makali yakifa, unakivunja tena. Kwa bitana laini hakuna kitu cha bure kinachoshinda kioo. Lakini kwa ngozi ya juu, iliyo nene, kinachosha mkono haraka, na mkono wa Fundi ulikuwa mmoja tu.

Kwa fundi magari wa kona tukaokota msumeno wa chuma uliokwisha meno. Fundi Wembe akaukata urefu wa kiganja. Siku nzima aliusugua mwisho wake juu ya jiwe la kunolea, upande mmoja tu, ule wa pili akiuacha bapa, shemeji akimwagia maji jiwe na kuimba ovyo kumsumbua. Akauzungushia mkanda wa ngozi ukawa mpini. Kisha akaulainisha makali juu ya kipande cha ngozi kilichopakwa majivu, huku na huku, mpaka ukanyoa nywele za mkono wangu bila mimi kuhisi. Ubao wa kunyolea ulikuwa kigae cha marumaru kutoka nyumba iliyobomolewa.

"Haya," akasema. Mdomo ulikuwa umelegea, lakini macho yalikuwa ya yule mtu wa zamani. "Kisu kipo. Sasa nani atakuwa mkono wangu wa kushoto?"

"Kwani nilikuoa kwa ajili gani?" akasema shemeji.

"Mimi ndiye niliyekuoa wewe."

"Hayo waambie wageni."

Akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakigusana, kigae kikiwa juu ya magoti yote manne. Yeye aliibana ngozi kwa viganja viwili, mume akanyoa. Vijana wa viatu vya plastiki waliokuwa wametandaza mali yao mbele ya nyumba walichungulia dirishani.

"Fundi Wembe! Bado unanyoa tu? Mpeleke mama saluni moja kwa moja!"

"Na nyinyi," shemeji akawarukia, "kwanza tafuteni pacha wa zile ndala zenu. Jana mmemuuzia mwenzangu mbili za kushoto, sasa anatembea kama kaa."

Hivyo ndivyo walivyoshona kile kiatu, wawili wakiwa fundi mmoja. Mimi nilikuwa nikipita na kazi yangu mkononi, nikikaa mlangoni. Na kila ukingo ulipofika mahali pake, shemeji aliiinua ngozi kwa mkono wake wa kulia, akaipeleka mdomoni mwa mumewe. Walikuwa wamekaa wakitazamana, kwa hiyo mkono wake wa kulia uliangukia pembe ya kushoto, ileile tuliyoizoea sote. Fundi alifumba macho. Ngozi ikapita. Akasubiri.

"Kimya," akasema. "Imeiva. Lete gundi."

Tulistaajabu jinsi ilivyokuwa ikiiva haraka. Tukasema mkono haujasahau.

Viatu vilipokamilika vilikuwa vizuri, sitakataa. Vipana mbele, vya kahawia, kamba zake laini. Shemeji alivivaa akatembea ukumbini mpaka mwisho, akageuka, akarudi, amejishika kiuno kama bibi harusi.

"Kiatu kizuri hasa!" akasema. "Hata sisikii kama nimevaa."

"Miguu hiyo," Fundi akasema, "hata ikivalishwa ndoo husikii."

Walicheka mpaka shemeji akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Sikumbuki siku nyingine nyumba ile ilikuwa na furaha kama hiyo, na kila nikiikumbuka naona kama kicheko kile kilikuwa kikitoka mahali pabaya.

Walikuwa waangalifu. Kila asubuhi Fundi aliweka kioo cha kunyolea ndevu sakafuni, shemeji akainua mguu juu yake, wakatazama unyayo pamoja. Waliona sugu imeanza chini ya dole gumba, mahali bitana mbili zilipokutana ndani ya kiatu. Sugu wao hawakuiogopa. Watu waliokaa na ngozi maisha yao yote wanajua sugu ni ngozi inayojilinda, na Fundi aliigusa kwa kidole chake, nacho kina sugu, akasema ni nzuri.

Kisha ikaja harufu.

Shemeji alidhani ni panya. Aliniita nimsaidie kutafuta, tukainua magunia ya ngozi, tukasogeza kitanda, tukamulika nyuma ya kabati. Fundi alikaa kwenye kigoda akituelekeza kwa mkono mmoja. "Angalieni chini ya kalibu. Panya anapenda mbao." Tulitafuta mpaka tukatoka jasho. Shemeji akakaa kitandani kupumzika, akavua kiatu cha kulia ajikune kifundo, na harufu ikajaa chumba.

Alikishika kile kiatu, akakisogeza puani, akakiweka chini polepole kama kitu kinacholala.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwake kilikuwa kiatuni.

Hospitalini, muuguzi alikata ile sugu na chini yake kulikuwa na shimo. Lilikuwa limechimbwa siku nyingi, kwa kimya, likiwa limefunikwa. Muuguzi, mama mmoja mwenye mikono mikubwa, akaomba kiatu. Akatia mkono ndani, akapapasa.

"Kuna mstari hapa, mzee," akasema.

"Hakuna," akasema Fundi.

"Upo. Hapa, chini ya dole gumba. Umesimama."

"Mama, mimi nimenyoa ngozi kabla hujazaliwa." Sauti yake ilikuwa ikipanda na maneno yakigongana kwenye ule mdomo. "Kidole hakijui kitu. Kidole ni mwongo. Ukingo ule nimeupima mwenyewe. Hauna kitu! Lete hapa."

Alikinyang'anya kiatu, akaipasua bitana kwa meno upande wa kulia, akaichomoa. Akamkabidhi mkewe aliyekuwa amelala, kwa mazoea tu, kama walivyofanya nyumbani. Naye kwa mazoea, akiwa amelala vilevile, akaiinua kwa mkono wa kulia mpaka pembe ya kushoto ya mdomo wa mumewe. Fundi akafumba macho.

"Kimya," akasema. "Mnaona? Kimya kabisa."

Shemeji hakuiweka chini ile ngozi. Aliitazama. Akamtazama mumewe, pale mdomoni, mahali ambapo yeye hufuta chai. Nikaona uso wake ukibadilika, na nikatamani asifanye alichokuwa anakwenda kufanya. Aliipeleka ngozi kwenye mdomo wake mwenyewe. Akaipitisha mara moja tu.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa akimwita hivyo mbele za watu. "Upo."

"Nini kipo?"

Akanyoosha mkono, safari hii akauvusha mkono wake mpaka upande wa pili, akaupitisha ukingo kwenye pembe ya kulia ya mdomo wa mumewe.

Nilimwona Fundi akishtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Akaushika mkono wa mkewe akaurudisha, akapitisha tena mwenyewe. Tena. Kisha kushoto. Kisha kulia. Muuguzi alikuwa haelewi, akawa ananitazama mimi. Ningemwambia nini? Kwamba huyu bwana alifundishwa kuwa mdomo ukinyamaza kazi imekwisha, na mdomo wake ulikuwa umenyamaza tangu siku aliyoanguka? Kwamba kila ukingo wa kiatu kile ulipimwa na nyama iliyokufa ukapelekwa kwenye nyama iliyokufa, na katikati yake walikaa watu wawili wakipendana na kucheka?

"Nimekukata mimi," Fundi akasema.

"Nyamaza."

"Mimi ndiye niliyekukata, mke wangu."

"Nyamaza bwana, watu wanasikia."

Walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Fundi alirudi nyumbani mara moja kuchukua nguo. Nilimkuta sakafuni akiokota kwa mkono mmoja. Kile kisu cha msumeno, kile kidude cha plastiki, vipande vya kioo, jiwe, akavitia vyote kwenye kopo la maziwa ya unga, akanisukumia kopo kwa mguu.

"Weka," akasema. "Au tupa. Nisivione."

"Ana mguu mmoja bado, ndugu yangu."

"Ndiyo maana nimekwambia nisivione."

Hakufunga mlango alipotoka. Wale vijana wa viatu vya plastiki walisogeza magunia yao ili apite, na safari hiyo hawakumtania. Wangemtania ningeshukuru.

Kuna wanaosema niache kulalamika, mambo yanabadilika. Sawa, yanabadilika. Lakini karakanani tulikuwa wengi. Ukingo ulipimwa na mmoja, ukapita kwa mwenzake kabla ya gundi, na mwenzake naye ana mdomo. Mtu akiugua, mdomo wa jirani uko pale. Walipouza mashine kwa uzito wa chuma, walidhani wameuza mashine. Fundi Wembe alipeleka kazi nyumbani na kisu chake, na hilo linawezekana, kisu unaweza kujitengenezea kwa takataka za fundi magari. Mdomo wa pili hatukumpa. Hata mimi niliyekaa mlangoni sikukumbuka kupima; nilikuwa mshona mabegi, na begi halichubui mtu.

Binti yao alikuja kutoka mji mwingine na lori la mumewe kuwachukua. Alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye kubeba mambo kichwani, na alikuwa na haki. Mama asingeweza tena kuishi mahali penye ngazi na sakafu iliyobanduka. Kitanda kilipakiwa, na sufuria, na kigoda kimoja. Siku ya kutoka hospitali, shemeji mwenyewe alituma mtu aniambie nije, na nije na kopo.

"Kopo gani?" nikamuuliza yule mtu.

"Amesema unalijua."

Niliwakuta kwenye baraza ya hospitali, mchana, jua likiwa limefika nusu ya benchi. Shemeji amekaa na shuka mapajani, kisiki cha mguu kimefungwa bendeji nyeupe, mguu wa kushoto uko peke yake chini. Fundi amekaa mwisho wa benchi, amempa mgongo kidogo. Lori lilikuwa langoni linanguruma, na binti alikuwa akirudi na kuondoka, akirudi na kuondoka.

"Shemeji," akaniambia mke wa Fundi, "umeleta?"

Nikampa. Akalifungua kopo, akatoa vipande vya kioo, akavipanga mapajani juu ya shuka kama mtu anayepanga karata. Chini ya kwapa alikuwa na kile kiatu cha kushoto. Alikuwa amekipasua bitana mwenyewe, kwa mkasi wa hospitali nadhani.

"Daktari amesema huu nao unakufa kama mwenzake," akamwambia mumewe kwenye mgongo. "Na sasa unabeba mzigo wa miwili. Geuka."

Hakugeuka.

"Unataka nikavae vya wale vijana? Nivae mbili za kushoto? Mimi sasa moja inanitosha, ya pili nitawarudishia iwe chenji."

Mabega ya Fundi yalitikisika. Sikujua kama anacheka.

"Siwezi," akasema. "Usinipe. Nitakukata na huu."

"Wewe nyoa. Kupima si kazi yako tena."

Binti akaja. "Baba, mama, jamani, dereva ana safari nyingine." Mama yake akamwonyesha kiganja, subiri. Fundi aligeuka hatimaye, uso umelowa mpaka kidevuni upande ule asioujua, na shemeji akaufuta kwa ncha ya shuka. Nilikuwa nimechukua na kile kigae cha marumaru, nikawawekea mapajani. Shemeji akaibana bitana kwa viganja viwili. Fundi alichukua kipande cha kioo bila kukizungushia kitambaa. Akakwangua. Vumbi la ngozi likatoka kidogo, likiwa na wekundu kutoka kidoleni mwake.

Shemeji akainua ukingo kwenye mdomo wake mwenyewe, akafumba macho, akaupitisha. Fundi alimtazama mdomoni jinsi mtu anavyomtazama daktari.

"Bado," akasema shemeji.

Akakwangua tena.

"Bado."

Tuliwapandisha nyuma ya lori juu ya godoro, wakitazamana, kigae katikati yao, na hata tulipokuwa tukiwainua shemeji hakuiachia ile ngozi. Binti akafunga ubao wa nyuma. Lori likaondoka taratibu kwa ajili ya mashimo ya lango. Niliona kichwa cha Fundi kikiinama juu ya kigae, kikiinuka, na mkono wa shemeji ukienda mdomoni. Hakuna aliyenipungia. Lori lilikuwa limefika barabarani, kelele zimeizidi sauti yake, lakini mdomo wa shemeji niliuona, na neno lenyewe nililisoma pale pale: bado.

Sijawaona tena.